Wosia kwa Mafundi Mitambo Wanaonifuata

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliopita darasani kwangu, na wajukuu zangu mlioichagua kazi hii bila mimi kuwashawishi. Macho yamepungua nuru lakini akili bado ipo, na Mwenyezi Mungu amenipa wasaa wa kusema kabla sijaitwa. Mali ya kugawana ilikuwa ndogo na ilishagawanywa. Iliyobaki ni kazi, na hiyo ndiyo ninayotaka kuikabidhi vizuri.

Redio yetu ilianza mwaka 1951 kwa majaribio, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na ilipofika 1965 ikawa Radio Tanzania. Watangazaji nchi nzima iliwajua kwa sauti zao. Sisi wa kwenye mitambo hakuna aliyetujua, wala hatukuona ubaya. Msikilizaji hana haja ya kumjua fundi. Ila fundi akiacha kumjua msikilizaji, kazi yake imekwisha hata kama mshahara unaingia.

Chukueni kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, redio moja katikati, kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Mtambo ukizimika dakika kumi tu, akina mama waliotoka shambani wamekaa bure. Na betri zilikuwa ghali. Watu walizianika juani zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Alfajiri, nikisubiri vali zipate moto, nilikuwa nazifikiria betri hizo. Ndizo zilizonifanya niwahi kazini.

Walikuwapo pia wasikilizaji ambao kule kusikiliza kwenyewe kulikuwa hatari kwao. Vyama vya ukombozi vya Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe vilipewa muda hewani kutoka Dar es Salaam. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, hukutana na tabaka la anga lililochajiwa na jua, na hurudishwa ardhini kilomita nyingi mbali. Jua likizama tabaka hilo hubadilika, kwa hiyo masafa yaliyofaa alasiri yanaweza kupotea usiku. Fundi asipobadilisha kwa wakati, mtu aliyejifungia chumbani huko kusini, redio imebanwa sikioni, anasikia mkoromo mtupu. Huyo hawezi kupiga simu kulalamika. Hamtapata taarifa yake kamwe. Lazima mumtunze kwa kujua tu kwamba yupo.

Sasa niwaambie habari za mzee aliyenifundisha, maana deni langu kubwa liko kwake. Siku zile mafundi wengi walikuwa wakiwatoa vijana nje wanapofungua mtambo. Ujuzi ulikuwa kinga ya ajira, na wengine wamezikwa nao. Mzee huyu hakuwa hivyo. Siku moja alizima mtambo, akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwake, akafungua kabati la vali. Joto likatupiga usoni pamoja na harufu ya vanishi iliyoungua. Nilinyoosha shingo kuchungulia, akanirudisha nyuma kwa kiwiko. Alichukua fimbo yenye ndoano ya shaba, iliyofungwa waya mnene unaokwenda ardhini, akaigusisha kwenye kapasita. Cheche ya buluu ikapasuka kwa kishindo. Umeme tulikuwa tumeuzima, lakini rezista iliyotakiwa kumwaga chaji ilikuwa imekatika, na maelfu ya volti yalikuwa yamebaki mle yakingoja mkono wa mtu. Akagusisha tena, kimya. Akapima kwa mita. Kisha akanipa fimbo, akasema, "Sasa wewe, tangu mwanzo."

Nilipohamia chuoni kufundisha, fimbo ya namna ile ndiyo iliyotangulia darasani, kabla ya hesabu na kabla ya michoro. Kila mmoja wenu aliishika. Nasisitiza kila mmoja, kwa sababu nimewahi kuona mafunzo ambamo mabinti hupewa kalamu waandike vipimo huku wavulana wakifungua mitambo. Msifanye hivyo. Anayeandika vipimo bila kuvichukua kwa mkono wake hajajifunza kitu.

Usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa, baadhi yenu mlinipigia simu kunipa pole. Sikuhitaji pole. Mtambo ni chombo, hupitwa na wakati. Leo mnaendesha kituo kutoka kwenye simu na ninafurahi. Linalonisumbua ni jingine: mnasikiliza matangazo yenu kwenye vipaza sauti vya studio, ambako kila kitu kinapendeza. Nunueni redio ya bei ndogo, pandeni daladala, nendeni nyuma ya kilima. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, kilima huyakata, na kompyuta ya studio haitawaambia. Mama muuza samaki wa upande ule atawaambia.

Daftari la mitambo liandikeni kila zamu, hata kama kompyuta inajiandikia yenyewe. Andikeni kilichotokea, na saa kilipotokea, na mlichofanya, hata pale ambapo mkuu hatapenda kusoma. Kijana wa zamu ya usiku atakayekuja miaka kumi baadaye hatakuwa na mtu wa kumuuliza ila maandishi yenu.

Madaftari yangu yamo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Msiyafanye kumbukumbu ya familia. Yapelekeni chuoni, yawekwe kwenye karakana, hata yakichafuka kwa mafuta. Mita yangu apewe mwanafunzi asiyekuwa nayo, mwalimu wake ataamua ni nani.

Na wewe mjukuu wangu wa redio ya jamii, ukisoma haya usije mbio kuniona. Kiangazi kimeingia, udongo umekauka, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Kapime kwanza waya wa ardhini wa mlingoti wako, umwagie maji ikibidi, uongeze fito za shaba kabla mvua za kwanza hazijaja na radi zake. Ukimaliza, andika vipimo daftarini, ndipo upande basi.