Nchi Isiyouza Mgeni

Ukifika uwanja wa vita wa Culloden, mwendo mfupi kutoka mji wa Inverness, kitu cha kwanza kukiona ni bendera. Safu moja ya bluu, safu nyingine nyekundu, na kati yake nyika tambarare yenye vinamasi na vichaka vifupi ambavyo mwezi wa Agosti hujaa maua ya zambarau. Bluu ni mahali waliposimama waasi. Nyekundu ni mahali liliposimama jeshi la serikali. Nilitembea kutoka safu moja hadi nyingine bila haraka, viatu vikizama kwenye tope jeusi, na sikumaliza hata dakika kumi. Wengi waliopita mbio njia hiyo tarehe 16 Aprili 1746, panga mkononi, hawakufika ng'ambo.

Nilikwenda Nyanda za Juu za Uskoti kufuata nyayo za watu waliojaribu, kwa karibu miaka 60, kumrudisha mfalme aliyenyang'anywa kiti. Nilitoka huko nimeipenda nchi yenyewe na watu wake kuliko mfalme yeyote.

Mfalme huyo alikuwa James wa ukoo wa Stuart, wa pili kwa jina hilo Uingereza, wa saba Uskoti. Alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo wakubwa wake karibu wote walikuwa Waprotestanti. Walimvumilia kwa kuwa warithi wake, mabinti wawili, walikuwa wa dini yao. Juni 1688 mkewe akajifungua mtoto wa kiume, na uvumilivu ukaishia hapo, maana sasa Ukatoliki ungerithiwa pamoja na taji. Wakubwa wakamwalika mkwe wake, William wa Orange, kutoka Uholanzi. William akatua na jeshi mwezi Novemba, na kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbilia Ufaransa.

Kwa Kilatini James ni Jacobus, ndiyo maana waliobaki upande wake waliitwa Wajakobiti. Waliinuka mwaka 1689, wakainuka 1715, wakainuka 1719, na mara ya mwisho 1745. Hawakusukumwa na jambo moja. Wako waliopigania dini, ingawa Wajakobiti wengi wa Nyanda za Juu hawakuwa Wakatoliki bali Waprotestanti wa kanisa lenye maaskofu. Wako waliouchukia muungano wa 1707 uliofuta bunge la Uskoti. Na wako waliokwenda kwa sababu moja tu: mkuu wa ukoo wao alisema twendeni.

Culloden iliwameza wote. Usiku wa kuamkia vita walitembea gizani kwenda kulivamia kambini jeshi la serikali karibu na Nairn. Kukapambazuka hawajafika, wakarudi kwa miguu ileile. Siku iliyotangulia kila mtu alikuwa amepewa biskuti moja, basi. Kwa hiyo walijipanga wakiwa na njaa na usingizi, mvua ya barafu ikiwapiga usoni, mbele yao askari waliolala vizuri wakaamka na mizinga yao. Kabla saa moja haijapita kila kitu kilikuwa kimekwisha. Inakadiriwa kwamba waasi 1,500 hivi waliuawa. Upande wa serikali, ambao nao ulikuwa na Waskoti wengi katika safu zake, hesabu rasmi ilitaja watu 50 tu.

Leo makaburi ni matuta ya chini yaliyoota nyasi kando ya njia. Mwaka 1881 yaliwekewa mawe yasiyochongwa sana, kila jiwe na jina la ukoo. Mbele ya jiwe la Fraser nilikuta maua mabichi, na kando yake karatasi iliyolowa mvua hata maandishi hayasomeki tena. Lakini jiwe lililonishika zaidi ni lile lisilo na ukoo mmoja. Limeandikwa kwamba hapo wamelala watu wa koo mchanganyiko. Hao ni wale ambao waliowazika hawakuweza kuwatambua. Nilivua kofia nikasimama. Upepo wa nyika ile haunyamazi, na ukisimama kitambo unaanza kuuona kama mwenyeji anayekusindikiza.

Kutoka Inverness barabara inashuka kusini magharibi kando ya ziwa Ness, refu, jembamba na jeusi kama wino, hadi Fort William chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uskoti, na ya Uingereza pia. Ni safari ya kilomita zaidi ya 100, na sikutaka iishe. Kila kona ina maji: maporomoko membamba yanayoning'inia milimani kama nyuzi za pamba, vijito vya rangi ya chai ya rangi, mvua inayopita upande mmoja wa bonde huku upande wa pili jua likiwaka. Nuru ya huko haitulii. Unauona mlima wa kijani, unageuka kumwonesha mwenzako, unakuta umekuwa wa buluu.

Jina la Fort William ni la yule mfalme aliyetwaa kiti, William wa Orange, aliyejenga ngome pale ili kuwatisha wenyeji. Wanaozungumza Kigaeli hawauiti hivyo. Kwao mji ni An Gearasdan, yaani kambi ya askari, na katika neno hilo unasikia mtu aliyekataa kulitamka jina la adui yake.

Katika jumba la makumbusho la mji huo kuna sinia la mbao ambalo lingenitosha kuwa sababu ya safari nzima. Ukilitazama unaona rangi zilizovurugwa, kama mchoraji amefutia brashi zake hapo. Katikati husimamishwa bomba fupi la chuma kilichong'arishwa kama kioo. Inama kidogo utazame kwenye bomba: rangi zile zinajikusanya, na uso wa kijana mwenye nywele za bandia kama za jaji mahakamani unakutazama. Ndiye Charles Edward Stuart, mjukuu wa James. Wafuasi wake walikuwa wakikaa kulizunguka sinia hilo, wakiinua glasi kwa siri kumtakia heri. Askari akibisha hodi, bomba linaondolewa, na pale mezani panabaki sinia chafu la rangi. Niliinama mara tatu. Mara ya tatu sikumtazama tena kijana, niliwafikiria walioinama kabla yangu.

Ukiteremka zaidi kusini unaingia bonde la Glencoe, ambako hata wenye maneno mengi garini hunyamaza. Milima imesimama pande zote mbili kama kuta, myeusi, mapande yake yakivuja maji. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa ukoo wa MacDonald wa Glencoe hawakumpa mgeni jembe. Februari 1692 walipokea majumbani mwao askari wa serikali wapatao 120, wakawalisha na kuwalaza karibu wiki mbili. Mkuu wa ukoo huo alikuwa amechelewa siku chache kula kiapo cha utii kwa mfalme mpya, akikwamishwa na theluji na kwa kwenda kwanza kwa afisa asiyehusika, naye akaamini jambo limekwisha. Alfajiri ya tarehe 13, wageni waliamka wakawaua wenyeji wao. Walikufa watu 38, na wengine wakaangamia kwa baridi wakikimbilia milimani. Sheria ya Uskoti ilikuwa na jina la kosa hilo, kuua chini ya dhamana ya uaminifu, na ililihesabu zito kuliko mauaji ya kawaida.

Nilihitaji kupita Glencoe kabla sijafika Glenfinnan, magharibi ya Fort William. Aliyekwisha kuona jinsi ukarimu ulivyosalitiwa ataelewa vizuri zaidi ukarimu uliokuja baadaye.

Glenfinnan ni bonde dogo lenye ziwa Shiel mbele na milima nyuma. Watu wengi huja kutazama gari moshi la mvuke likipita juu ya daraja lenye matao 21. Gari moshi hilo lenyewe linaitwa Jacobite. Wakiligeukia daraja, wanaupa mgongo mnara wa mita 18 ulio ukingoni mwa ziwa, uliojengwa mwaka 1815. Mimi niliuendea. Visubi walinishambulia shingoni mpaka mlangoni. Ndani ni ngazi za kuzunguka, nyembamba, na juu kabisa kuna tundu ambalo mtu mnene atapita kwa taabu. Unachomoza kichwa, na huyo hapo: mwanamume wa jiwe aliyevaa kilti, nguo ya mirabamiraba inayomkumbusha mtu wa kwetu shuka la Mmaasai. Wageni wengi hudhani ni Charles. Siye. Ni mtu wa Nyanda za Juu asiye na jina, mmoja wa waliofuata.

Charles alikuwa na miaka 24 alipofika hapo tarehe 19 Agosti 1745. Alizaliwa Roma, hakuwahi kuiona Uskoti kabla ya Julai mwaka huo, na jeshi alilolitumaini kutoka Ufaransa halikuja. Alifika kwa mashua na watu wachache, akangoja. Bonde likawa kimya. Saa zikapita, ndipo sauti ya zumari za kiriba ikasikika mlimani, na watu wa ukoo wa Cameron, zaidi ya 700, wakaanza kuteremka. Askofu Mkatoliki Hugh MacDonald akaibariki bendera, ikapandishwa. Mwezi uliofuata walikuwa wameuteka Edinburgh. Desemba walikuwa Derby, kilomita 200 tu kutoka London, na hapo viongozi, walipoona kwamba Waingereza hawainuki wala Wafaransa hawaji, wakaamua kurudi. Njia ya kurudi iliishia Culloden.

Lakini sifa ya nchi hii inaanza pale vita vilipokwisha. Serikali ilitangaza pauni 30,000 kwa atakayemtoa Charles. Wachunga ng'ombe wa vibanda vya udongo na nyasi wasingeipata fedha hiyo hata kwa vizazi kumi. Kwa miezi mitano alizunguka kati yao, akilala mapangoni na vichakani, akivushwa visiwa kwa mashua usiku. Flora MacDonald, msichana wa miaka 24, alimvusha hadi kisiwa cha Skye akiwa amevalishwa gauni la mtumishi wa kike wa Kiairishi; baadaye alifungwa kwa ajili hiyo. Waliomwona, waliompa uji na waliomwonesha njia walikuwa wengi. Nyumba zao zilikuwa zinachomwa, ng'ombe wao wanaswagwa, ndugu zao wanasafirishwa ng'ambo ya bahari kama wafungwa. Hata hivyo tangazo la fedha halikumpata wa kumuuza.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Loch nan Uamh, ziwa la mapango kwa Kigaeli, ingawa ni ghuba ya bahari. Unaacha barabara, unashuka kijia kifupi, unakuta rundo la mawe lililojengwa juu ya mwamba mwaka 1956. Katika ghuba hiyo Charles alishuka bara Julai 1745, na kutoka hapo hapo meli ya Kifaransa ilimchukua tarehe 20 Septemba 1746. Hakuwahi kutawala. Alifia Roma mwaka 1788, na ndugu yake Henry, wa mwisho wa uzao halali wa James, alikufa mwaka 1807 akiwa kardinali, bila mtoto. Watu wa Nyanda za Juu waliobaki walikatazwa kisheria hata nguo zao za mirabamiraba, hadi mwaka 1782.

Mimi ni mtu wa pwani, na nilifika maji yakijaa. Mwani wa kahawia ulikuwa ukiinuka polepole juu ya mawe, na sili mmoja alitoa kichwa akanitazama. Nilijaribu kuuwaza usiku ule: mashua ikienda melini na Charles na wenzake, na ufukweni watu wakisimama kuwatazama. Walijua thamani ya kichwa kile kwa pauni na kwa shilingi. Meli ilipong'oa nanga, waligeuka wakapanda mlima gizani kurudi makwao, mikono mitupu, ambako wengine hawakuwa na paa la kuingia chini yake.