Uzuri wa Mshono Unaoonekana

Kuna filamu ambazo wajuzi wa sanaa huzipita wakiziba pua: zimetengenezwa kwa fedha za kuokoteza, damu yake ni rangi, bunduki zake ni vyuma chakavu, na hadithi yake ni ngumi juu ya ngumi. Hata hivyo zina wapenzi wasiochoka, nami ni mmoja wao.

Mfano ulio karibu nasi ni *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010, aliyoitengeneza Isaac Nabwana katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala. Kwa maelezo yake mwenyewe, gharama haikufika dola 200. Helikopta yake ya kompyuta haimdanganyi hata mtoto mdogo. Juu ya vurumai hiyo husikika sauti ya VJ Emmie akimsifu shujaa, akitania na kumchochea mtazamaji. Huku Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, zikajaza vibanda vya video. Ni fanani yule yule wa ngano, ila amehamia kwenye kioo.

Kwetu ni Arash, Loliondo, wilayani Ngorongoro, jirani na Serengeti, nchi iliyopigwa picha na kamera za bei kubwa. Filamu iliyoitangaza kuliko zote ni ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, *Serengeti darf nicht sterben*, yaani Serengeti isife, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ni nzuri, sikatai. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu, hata wenyeji. Na mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti.

Niliwahi kumwonyesha baba yangu mkubwa filamu hiyo. Alitazama wanyama wakitapakaa mbugani, kisha akauliza: "Mwanangu, siku hiyo sisi tulikuwa wapi?" Nilipomwekea ile ya Kampala, alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Huyu," akasema, "ametuambia mapema kwamba anadanganya."

Sijapata mhakiki aliyeeleza vizuri zaidi. Filamu ya senti chache huuacha mshono wake nje, nasi tukamwona aliyeshona pamoja na jirani zake waliomshikia kitambaa. Filamu ya fahari huuficha, na vipande vilivyokatwa havionekani. Mwezi Juni 2022 vilipandwa vigingi, na kilomita za mraba 1,500 hivi za malisho ya Loliondo zikatengwa na wafugaji, ya Arash yakiwemo. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyopanda vigingi. Nasema jicho lililozoea kuona nyika tupu halishtuki wenyewe wanapoondolewa.

Ndiyo maana natamani vijana wa Arash waiokote kamera hafifu, watengeneze simba wa maboksi na damu ya rangi, wapigane mpaka vumbi litimke. Atakayecheka na acheke. Katika picha hiyo, watu watakuwamo.