Kabla ya kabureta, tazama breki

Hebu siku moja kaa karibu na wanaume wanaozungumza juu ya magari, uwasikilize bila kuwakatiza. Utaambiwa hili lina nguvu ajabu, lile linapaa kama kipanga, na la jirani lilitoka Nakuru hadi Kangemi kabla chai haijapoa. Utangoja hadi jioni bila kumsikia hata mmoja akieleza jinsi gari lake linavyosimama.

Mimi nimeolewa na mmoja wao. Katika ua wetu hapa Uthiru limeegeshwa Datsun 240Z aliloachiwa na mjomba wake, gari la viti viwili katika nyumba ya watu watano. Wazazi wetu hawahitaji kuelezwa sifa zake. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya gari la aina hiyo. Mwaka wa 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, ambaye alimaliza akiwa na pointi sawa na Harry Källström, ikabidi kanuni za mashindano ziamue. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun nyingine. Baba watoto huyasimulia haya kana kwamba ndiye aliyekuwa akimsomea Mehta ramani.

Lakini gari la miaka hiyo lina breki za miaka hiyo. Mbele kuna disiki, nyuma kuna dramu, na hakuna kompyuta ya kuzuia tairi zisijifunge. Isitoshe, gari likikaa uani muda mrefu, mpira huoza na chuma hushika kutu bila mtu kuona.

Jumamosi moja mwaka jana tulikuwa tukienda Naivasha kwenye harusi, wawili tu, watoto wameachwa kwa nyanya yao. Baada ya Rironi tulishika barabara ya zamani ya kuteremkia Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali pale chini. Mbele yetu lilikuwapo lori limejaa mzigo, nyuma yetu matatu ikipiga honi. Baba watoto alikuwa akigusa breki, akiachilia, akigusa tena. Halafu nikamwona akikanyaga mara mbili kwa haraka, na uso wake ukabadilika. Kanyagio lilikuwa limekwenda mpaka sakafuni.

Sikupiga kelele. Nilichowaza ni kwamba gari hili lina viti viwili, na viti vyote viwili vimekaliwa na wazazi wa watoto walewale watatu. Yeye aliingiza gia ya pili, injini ikalia kwa uchungu, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, tukaingia kando mahali wanapouza ngozi za kondoo. Harufu ya kuungua ilikuwa kali. Mwuza ngozi mmoja alituletea jiwe la kuzuia gurudumu, akarudi kwenye biashara yake kama mtu aliyeyaona hayo mara nyingi.

Baada ya nusu saa kanyagio likawa gumu tena. Hapo ndipo wengi hudanganyika, msomaji, wakadhani ugonjwa umepona.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji ya kutosha yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Mguu hubonyeza povu badala ya kubonyeza breki. Yakipoa, povu hutoweka, nawe waendelea na safari ukishukuru Mungu, mpaka mteremko ujao.

Kifungua mimba wetu, aliye kidato cha tatu, alitupigia hesabu jioni ile kwa fomula zake za fizikia. Kila gari linapoteremka kimo cha mita 40, likizuiwa kwa breki pekee, breki humeza joto sawa na la kulisimamisha mara moja kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Tena uzito haubadilishi ulinganisho huo, ni ule ule kwa Datsun, matatu au lori. Hesabu mwenyewe ni mita 40 ngapi zilizopo kati ya juu na chini ya bonde lile.

Baba watoto alikuwa amejiwekea akiba ya kununulia kabureta tatu, injini iimbe. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne tulimpelekea gari fundi mmoja wa jua kali hapa karibu, mzee ambaye ujanani alifua spana katika gereji iliyotengeneza magari ya Safari. Baba watoto alitaka breki kubwa za kuagizwa ng'ambo, nyekundu, za kuonekana katikati ya rimu. Mzee alicheka.

"Mama," akaniambia mimi, kana kwamba ndiye niliyeshika mfuko, na kweli ndiye, "dawa ya gari hili iko kwenye Hilux."

Hakuwa anatania. Kalipa za Toyota Hilux ya miaka ya mwanzo ya 1980, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, zina pistoni nne kila moja badala ya mbili, na matundu yake ya bolti yanalingana na ya Datsun hii. Unachokata ni bati la kukinga vumbi, na bomba la mafuta hukunjwa upya. Kwa mji uliojaa Hilux kama Nairobi, hizo ni habari njema kuliko katalogi yoyote. Tulizipata Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado twaiita Grogan, zikiwa zimetumika, na mzee akabadilisha mipira yote ya ndani kabla ya kuzifunga.

Lakini hakuanza na kalipa. Alianza kwa kumwaga mafuta ya zamani, yaliyotoka na rangi ya kahawa, akatupa mipira ya breki iliyopasuka, akaweka mafuta ya DOT 4. Kisha masta silinda, kwa sababu pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi, na ile ya kwanza ya milimita 22 ingeacha kanyagio likizama. Aliweka ya karibu milimita 24.

Nilimwuliza kama sasa gari litasimama kwa umbali mfupi. Alisema la, tairi ndizo zinazoshika lami, na hata breki za zamani ziliweza kuzifunga. Tulichonunua ni uwezo wa kusimama mara ya ishirini kama mara ya kwanza. Nampenda fundi wa kusema hivyo huku akingoja malipo.

Disiki za nyuma alizikataa katakata. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, na nyuma ikishika kuliko mbele, mkia utataka kutangulia.

Tangu hapo tumeteremka Mai Mahiu mara tatu, kwa gia ya pili, matatu zikitupita na kutucheka. Kanyagio halijalegea. Kabureta hazijanunuliwa, ingawa juzi nilimkuta baba watoto gerejini akimwuliza mzee, kwa sauti ya chini, kama breki hizi zaweza kuhimili injini yenye nguvu kidogo zaidi. Mzee alinitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu.