Kila mpangaji na jiko lake

Wadau, kimya kingi kina mshindo. Leo hakuna habari za gesi ya Likong'o wala bei ya ufuta, leo ni kompyuta. Vijana wenzangu hapa Lindi wanaotumia Linux wamekuwa wakiniuliza swali moja: nimeweka programu moja tu kwa Flatpak, mbona diski imepungua zaidi ya gigabaiti nzima?

Chukulieni nyumba ya kupanga, vyumba sita na uani jiko moja. Ndivyo Linux ya kizamani ilivyo. Ukiweka programu kwa apt, inatumia maktaba za kodi zilizopo tayari, pamoja na wenzake. Nafasi inaokolewa, ila mmoja akiharibu jiko, nyumba nzima inalala njaa! Flatpak na Snap zinakuja na dawa ya kila mpangaji kuwa na chumba chake chenye kufuli na vyombo vyake. Mtengenezaji wa programu anafurahi kwa sababu anaiandaa mara moja na inafanya kazi Ubuntu, Fedora na kwingineko. Gharama ya vyombo inahamia kwako wewe mwenye kompyuta ya mtumba ya Kariakoo yenye diski ya GB 64.

Hata hivyo, tusiwasingizie. Flatpak ina majiko ya pamoja yanayoitwa rantaimu, na kila moja ni mamia ya megabaiti. Programu ya kwanza inalipia jiko, ya pili inayotumia jiko lilelile inaingia kwa bei nafuu. Tatizo ni pale programu moja inapotaka rantaimu ya GNOME ya mwaka huu, nyingine ya mwaka jana, ya tatu ya KDE. Hapo una majiko matatu.

Halafu kuna hesabu za uongo. Flatpak haihifadhi faili moja mara mbili. Faili zinazofanana kabisa zinakaa mara moja kwenye diski na kuonekana mahali pengi. Kwa hiyo ukijumlisha ukubwa wa kila programu kwenye orodha, utapata namba kubwa kuliko ukweli. Pima kwa df kabla ya kuweka programu na baada, utajua imekula kiasi gani. Na wale wanaoona mistari ya /dev/loop imejaa asilimia 100 wakapata presha, tulieni. Ni faili za Snap zilizobanwa, siku zote zinaonekana hivyo. Mzigo wenyewe uko /var/lib/snapd/snaps, na Ubuntu hutunza toleo jipya pamoja na lililotangulia. Yaani Firefox mbili ndani ya nyumba moja.

Usafi ni amri moja:

flatpak uninstall --unused

Inatoa rantaimu zisizo na mwenyewe. Kwa Snap, ukitoa programu ongeza --purge, la sivyo inaacha nakala ya data yako kwa siku 31.

Mimi kinachoniuma zaidi ni bando. Diski unanunua mara moja, masasisho yanakuja kila wiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, siku chache baadaye mikongo ya EASSy na Seacom nayo ikakatika baharini. Katika hali kama hiyo Snap bado inachungulia masasisho mara nne kwa siku! Iambieni isubiri: sudo snap refresh --hold.

Sasa kwa nini sizifuti zote? Kazi yangu. Napokea faili kutoka kwa watu nisiowajua, na kwenye diski hiyohiyo kuna sauti za watu walionieleza mambo kwa sharti la kutotajwa. Programu inayofungua faili za wageni naitaka chumbani kwake, mlango umefungwa. Lakini angalieni, programu nyingi za Flathub zinaomba ruhusa ya kuingia nyumba nzima, na hapo kufuli ni pambo. Kwa hiyo flatpak override na --nofilesystem=home, kisha --unshare=network, ndipo GB zangu zinapata haki yake. Zilizobaki, kikokotoo na michezo ya karata, apt inatosha.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mzigo huu unaweza kusafiri kwa flashi, pamoja na rantaimu yake, bila bando. Kwanza, kwenye kompyuta zote mbili:

flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub

Kisha flatpak create-usb, njia ya flashi, na jina la programu. Nimeshaishusha LibreOffice. Aliyeko Lindi mjini mwenye flashi ya GB 16 aniandikie hapo chini. Wa Kilwa Masoko na Kivinje, tafuteni mtu anayepanda basi.