Nje ya Kibanda Umiza

Filamu ya Commando niliisikia mara nyingi sana kabla sijaiona. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, Mwanjelwa, Mbeya, kilikuwa nyuma ya genge la mkaa. Kuta zake zilikuwa mabanzi na viroba, mlango wake khanga iliyochakaa. Watoto wa kike hatukukatazwa kwa tangazo, tulikatazwa kwa macho. Ukiingia, wavulana wote wanageuka, na kabla jua halijazama habari imeshafika nyumbani. Kwa hiyo nilikaa nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikijifanya namsubiri kaka yangu. Nikawa nasikiliza.

Waliokulia humo wanajua kilichokuwa kikisikika. Lufufu. Filamu za Marekani na Hong Kong zilitufikia zikiwa na sauti yake juu, akitafsiri, akiwasemea wahusika wote peke yake, akiwapa majina na tabia ambazo mwandishi wa filamu hakuwahi kuziota. Anodi (hakuna aliyemwita Schwarzenegger) nilimwazia kuwa mtu mwembamba, kwa sababu sauti iliyomsemea ilinikumbusha mjomba wangu, ambaye amekonda kama ufagio. Siku nilipoiona Commando kwa macho yangu, tayari niko sekondari, nilishtuka kuona lile limtu linabeba gogo begani. Nilihisi nimedanganywa. Mpaka leo naamini Anodi wangu alikuwa hodari zaidi, kwa sababu alishinda jeshi zima akiwa na kilo hamsini na tano.

Steringi hafi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya sanaa niliyojifunza, na niliijua kabla ya kujua kwamba kuna watu wanaosomea kanuni za sanaa. Filamu hizi ziliingia katika lugha yetu kuliko filamu nyingi zilizoshinda tuzo. Mfuko wa plastiki tuliuita rambo, na tuliendelea kuuita hivyo hadi serikali ilipoupiga marufuku Juni 2019. Sijasikia mfuko unaoitwa Hamlet.

Ila filamu za kutisha zilikuwa jambo jingine. Hizo kaka na wenzake waliziweka usiku, na nyingi zilikuja mbichi, hazijatafsiriwa. Hapo hapakuwa na Lufufu wa kunishika mkono. Palikuwa na mlango unaolia, kimya kirefu, pumzi ya mtu, halafu mlio ambao sikuweza kujua unatoka kwa mnyama, kwa mashine au kwa binadamu. Ndani walicheka, maana waliona. Mimi nje sikucheka hata kidogo.

Nililielewa hili vizuri zaidi nilipokuja kuitazama The Evil Dead, ile ya Sam Raimi ya 1981. Vijana watano wanakwenda kwenye nyumba ya mbao porini Tennessee, na maovu yote yanaanza na kinasa sauti. Profesa amesoma maneno ya kitabu cha kale, sauti yake imebaki kwenye mkanda, vijana wanabonyeza, basi. Hawajagusa kitu wala kumkosea mtu, wamesikiliza tu. Halafu kile kinachowafuata msituni hatukioni. Tunaona njia yake tu, kamera ikikimbia chini chini kati ya miti. Raimi hakuwa na fedha za mitambo, kwa hiyo kamera ilifungwa kwenye ubao na watu wawili wakakimbia nao, huyu upande huu, yule upande ule. Ninaipenda filamu hiyo kuliko zote za aina yake, na sina haja ya kutetea damu yake ya rangirangi. Damu ya kutengenezwa kwa kompyuta, ya siku hizi, haimlowanishi mtu. Ya Raimi inanata.

Muziki ulinikuta kidato cha tano, bweni la wasichana, Iringa. Mwenzangu mmoja alikuwa na memori kadi ambayo binamu yake alimjazia bila kumuuliza anapenda nini. Kati ya nyimbo za Injili na Bongo Fleva palikuwa na albamu nzima ya kundi la Death, Leprosy, ya 1988. Alitaka kuifuta. Nikamwambia subiri.

Nilijua mara moja niko wapi. Nilikuwa nimerudi kwenye ndoo yangu, nje ya kibanda, usiku, na ndani kuna jambo linatendeka ambalo siruhusiwi kuliona. Baadaye nilijua kwamba undugu huo haukuwa wa kichwani mwangu peke yangu. Black Sabbath, vijana wa viwandani Birmingham walioanzisha mambo haya yote, walichukua jina lao kwenye filamu ya kutisha ya Mwitaliano Mario Bava, wakajiuliza kwa nini watu wanalipa kiingilio ili watishwe. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka kumi na saba. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, gitaa likashuka sauti, likawa zito kama mzigo. Kila ninapoambiwa kwamba metali ni muziki wa shetani namkumbuka kijana huyo na vidole vyake. Uzito ule una chanzo, nacho ni mashine ya kiwandani. Na Chuck Schuldiner wa Death, kwenye albamu ya kwanza ya 1987, ana wimbo mzima unaoitwa Evil Dead. Alikuwa mtoto wa kibanda kama mimi, tofauti ni kwamba yeye aliruhusiwa kuingia.

Sipendi kila kitu, nisieleweke vibaya. Wale vijana wa Norway waliochoma makanisa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wenzao wanaowasimulia hadi leo kwa mate ya uchu, hawanipati. Mama yangu amebeba tofali za kanisa kichwani. Cannibal Holocaust ya 1980 niliizima katikati: kobe aliyechinjwa mle alikuwa kobe kweli, na mtu anayehitaji kifo cha kweli ili anitishe ameshindwa kazi yake. Na zile filamu za mwanamke aliyefungwa kamba dakika tisini wakae nazo wenyewe.

Mwaka ule ule wa kidato cha tano baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka yote. Alirudishwa nyumbani na mpira wa kupitishia uji puani, akalala chumba cha mbele, miezi saba. Mama aliacha biashara yake ya vitunguu sokoni. Niliporudi likizo nilikuwa nimeshashona fulana nyeusi yenye nembo ya Death kwa mkono, nyuzi nyeupe, buibui na vyote, nikiwa na kiburi cha fundi. Mama aliitazama muda mrefu. Hakugomba. Aliuliza tu nimeanza lini.

Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anapiga hesabu. Niliposema tangu Machi, nilimwona akifika kwenye jibu. Baba alianguka Aprili.

Jumamosi nilipelekwa kwenye maombezi. Siandiki haya kumcheka mtu. Walioniombea walikuwa majirani, waliokesha na baba, waliotuletea ndizi. Niliwekwa katikati, mikono kichwani pangu. Kando yangu alikuwa mama mmoja mwingine anaombewa, na ndani yake ikatoka sauti nzito, ya chini, ya kukwaruza, ambayo koo la mwanamke halitegemewi kuitoa. Nami, Mungu anisamehe, niliwaza: huyu anaweza. Waimbaji wa metali hujifunza kwa miaka ile mikunjo ya juu ya nyuzi za sauti ifunge na kutetemeka bila kuumiza koo, na huyu aliifanya pasipo mwalimu, akilia machozi. Sikusikia uovu mle, nilisikia mtu ambaye amechoka kwa namna ambayo sauti ya kawaida haitoshi kuieleza.

Zamu yangu ilirefuka. Sikuwa na chochote cha kutoa. Niliona uso wa mama, nikaona kwamba anasubiri, na nikafikiri kwamba ikiwa kweli kuna hesabu ya namna hiyo, basi labda nikianguka baba atainuka. Nikaanguka. Wakashangilia. Fulana ilichomwa uani jioni ile. Baba alifariki wiki tatu baadaye, na kuhusu hilo, mama na mimi hatukuwahi kuongea.

Chuoni, nikisoma shahada ya pili, nikakutana na watu wanaopenda ninavyovipenda, jambo ambalo lina raha na kero zake. Kero yenyewe ni kicheko. Usiku mmoja hosteli tuliweka Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, mwaka 2010. Nabwana aliwahi kufyatua matofali, akajifundisha kuhariri, akaunda kompyuta kwa vipande. Damu zilikuwa za ng'ombe mwanzoni, hadi mwigizaji akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Helikopta zinazolipua Kampala zimetengenezwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, na zinaonekana hivyo. Wenzangu walicheka kwa ile namna ya kucheka ukiwa umeegemea nyuma, mikono kifuani.

Hawakusikia kwamba filamu yenyewe inacheka kabla yao. Juu yake yupo VJ Emmie, anashangilia, anamtania shujaa, anawaahidi watazamaji mapigano zaidi. Nakala inayozunguka duniani ni hiyo yenye sauti yake. Swali la kwenye jina halijibiwi hata mwisho. Captain Alex amekufa, na nani kamuua hatuambiwi. Wenzangu waliona huo ni uzembe, mimi nikaona ni filamu pekee ya mapigano ninayoijua inayosema ukweli kuhusu msiba. Nilipandwa na hasira kuliko ilivyostahili, nikaondoka na laptopu yangu, wakabaki gizani. Najua chanzo chake. Sikuvumilia kuona watu walio ndani wakicheka.

Kuhusu Duma sikugombana na mtu, maana hakuna aliyevumilia dakika mbili. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao ilitoka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Niliposoma jina nilidhani ni yule mnyama, nikasema sawa, mbio. Kumbe ni neno la Kikuyu, maana yake giza. Ngoma za mashine zinapigwa kwa kasi ambayo mguu wa mtu haufiki, na juu yake sauti inapasuka. Mara ya kwanza nilisikiliza nimesimama.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mimi nimelala mkekani na spika za masikio. Akaninyoosha moja kutoka sikioni, akaiweka kwake. Ulikuwa wimbo wa Pull the Plug, wa Death, kutoka ile albamu ya kwenye memori kadi. Nilitaka kuuzima. Akaushika mkono wangu.

"Huyu anasema nini?"

Sijawahi kutafsiri kitu kigumu hivyo, na natafsiri kwa ajili ya kula. Nilifanya kama Lufufu, nikamsemea. Nikamwambia ni mtu amelala hospitalini, mashine zinampumulia, hawezi kusema, lakini akili yake ipo, na anaomba wamwachie aende. Nikamwambia kwamba yule anayeimba alikuja kuugua uvimbe wa ubongo, akafa 2001, na miaka yake ilikuwa thelathini na minne.

Mama alichambua maharage kwa muda. Alitoa jiwe moja, akalitupa nje.

"Baba yako alikuwa anasikia?"

"Daktari alisema anasikia."

"Basi alisikia nilivyokuwa namwambia apumzike." Hakulia. "Nilikuwa namwambia usiku, nyie mkilala. Halafu asubuhi naenda kuomba apone."

Wimbo uliisha, ukaanza mwingine, hakuutoa sikioni. Kisha akaniuliza, macho kwenye ungo, kama mtu anayeulizia bei ya mafuta:

"Siku ile uliangukaga kweli?"

"Hapana, mama."

"Nilijua. Uligeuka kwanza kuona kama kuna wa kukudaka."

Nikawa sina la kusema. Akanirudishia spika yangu, akapepeta, maganda yakaruka mlangoni.

"Sauti yake mbaya lakini," akasema. "Hebu weka ile ya Waganda. Ile ya helikopta."