Kipa na Sifuri Yake

Marehemu kaka yangu alikuwa kipa. Alidakia timu ya vijana wa Kirumba, Mwanza, timu ambayo haikufika mbali wala haikuacha jina. Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024, mji mzima ukaanza kuwakumbuka wachezaji wake wa zamani, na mwanawe, ambaye ni fundi wa kompyuta, akaazimia kuandika programu ya kuhifadhi takwimu zao, wakubwa kwa wadogo.

"Baba mdogo," akaniambia, "wewe ni mfasiri. Nitafutie maneno."

Nikaketi naye jioni kadhaa. Akanieleza kwamba kwanza huundwa kundi liitwalo mchezaji, lenye jina, mechi na mabao. Chini yake huja kipa, ambaye hurithi yote ya mchezaji, kisha akaongeza yake: mabao aliyofungwa, penalti alizookoa. Sikusita. Nikamwambia kundi hilo aliite ngeli. Hebu tazama, msomaji: kwa umbo, kipa na makipa ni mfano wa jino na meno, lakini hatusemi makipa yamedaka, twasema wamedaka. Viungo wa timu nao wametoa pasi. Vilivyotoa harufu ni viungo vya pilau. Neno lina umbo lake, na bado limerithi upatanisho wa mtu. Dahl na Nygaard wa Norwei walibuni mpango huu katika lugha ya Simula miaka ya 1960. Sisemi kuwa wazee wetu waliwatangulia, ila mtoto wa Kirumba haupati mgeni.

Palipotushinda ni pale kila mchezaji mmoja mmoja alipoitwa kwa Kiingereza kitu. Kaka yangu kitu? Tukabishana hadi chai ikapoa, tukakubaliana kiumbe.

Siku ya kumwingiza huyo kiumbe, kijana aliandika jina tu, kwani daftari la timu lililoa mvua zamani. Kioo kikatuonyesha: mechi 0, penalti alizookoa 0. Mjane wa kaka alikuwa nyuma yetu akichambua mchele. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama mumewe hakucheza kamwe.

Kosa halikuwa la mtu. Katika Java, chumba cha nambari kisichojazwa hujiwekea sifuri chenyewe. Lakini sifuri ni ushahidi: mtu amehesabu, hakupata. Utupu ni jambo jingine. Mshairi ajua tofauti ya mizani iliyopungua na ubeti uliopotea. Kijana akabadili aina ya chumba, kiweze kukaa kitupu, na kioo kikasema: haijulikani.

"Lakini ile penalti waijua," akaniambia. "Ile ya Mwaloni."

Naam, ile ya Mwaloni. Nimemsimulia tangu utotoni mwake jinsi babake alivyoiokoa penalti ya wavuvi, ufukweni, jua likizama ziwani. Kidole chake kilikuwa juu ya 1, akingoja. Mjane ameacha kuchambua.

Nikasema kweli: kaka aliruka kulia, mpira ukaenda kushoto, ukagonga mtambaa wa panya.

Akanyamaza kitambo. Kisha akaongeza chumba kingine katika ngeli ya kipa, cha maneno, si cha nambari, akanisogezea kibodi.