Kisogo

Habari ilitufikia saa mbili usiku: shangazi amefariki Sengerema, maziko kesho. Kichwa changu kilikuwa kimefumuliwa tangu Jumapili, na msusi wangu wa miaka yote ni dada yangu, ambaye tulikuwa hatuongei.

Twende kilioni si msuko mgumu. Jina lenyewe linasema: mistari ya kwenda nyuma, bila rasta, haraka, mtu awahi msiba. Kazi ni kujisuka. Mbele nilienda vizuri. Nilipopita masikio mikono ikaanza kufa ganzi. Nikatundika kioo cha pili kwenye msumari wa mlango, kikanionyesha kila kitu kinyume. Nataka kuvuta kulia, mkono unaenda kushoto. Nikakigeuza ukutani, nikaendelea kwa kupapasa. Kinyozi hajinyoi, na mimi si hata kinyozi. Shuleni tulinyoa mpaka kidato cha nne, kwa hiyo nywele nilizipata ukubwani, na nilizikabidhi kwa dada moja kwa moja.

Yeye aliishia kidato hicho cha nne. Akaanza kusuka chini ya mwembe kule Kirumba, na vichwa vya watu ndivyo vilivyoninunulia godoro, ndoo na kompyuta iliyotumika nilipoingia chuo. Kisha baba akauza kiwanja cha Buhongwa, ambacho dada aliahidiwa kujenga saluni, ili nilipiwe ada ya uzamili. Sikuomba kiuzwe. Lakini nilijua, nikakaa kimya mpaka fedha zikaingia. Aliniuliza mara moja tu: "Ulijua?" Nikamjibu tutaongea nikimaliza mitihani.

Wasusi Mwanza wamejaa, ningeweza kwenda kwa mwingine. Niliona kama kumwibia mara ya pili.

Asubuhi tukakutana kwenye kivuko cha Kamanga. (Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa 2025, lakini ukitokea mjini kivuko bado ndiyo njia.) Nikamwamkia, akaitikia, akatazama maji. Katikati ya ziwa upepo ukanivua kanga kichwani. Nikasikia vidole vyake shingoni.

"Nani kakusuka?"

"Mwenyewe."

"Huku nyuma umelimia ng'ombe wasiofundishwa."

Akatoa chanuo kwenye mkoba. Nikakaa chini kati ya magoti yake, kwenye chuma cha baridi. Alifumua mistari minne, akaanza upya, akivuta kuliko ilivyohitajika. Machozi yakanitoka, na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda msibani, hakuna aliyeuliza. Kuhusu kiwanja hakusema neno, na mimi sikulianzisha, ingawa mitihani nilishamaliza tangu Julai.

Kivuko kilipogusa Kamanga alikuwa amebakiza mstari mmoja.

"Nyanyuka, watu wanashuka," akasema.

Nikashuka nyuma yake, nimeushika kwa vidole viwili usifumuke.